Prosesa iliyogoma kuvuka gigahezi 0.78: kisa cha steshenari moja ya Mtwara

Mashine yenyewe ni kompyuta ndogo ya mezani, ile ya kufungwa hata nyuma ya skrini, isiyo na pawa saplai ya ndani. Umeme inaupata kwa adapta ya nje kama laptopu. Ndani ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i5-6500T, ramu ya GB 8 na diski ya SSD. Ilinunuliwa mtumba, na kwa muda mrefu ilibeba kazi zote za steshenari moja karibu na soko kuu la Mtwara: barua, vyeti vya kuskani, fomu za mtandaoni, picha za pasipoti saizi. Prosesa hiyo si ya kudharauliwa. Mwendo wake wa msingi ni gigahezi 2.5, na Turbo Boost, uwezo wake wa kujiongezea mwendo kwenye kazi nzito, ikiruhusiwa kufanya kazi inafika 3.1, yote hayo ndani ya bajeti ya joto ya wati 35.

Mambo yaliharibika minada ya korosho ilipoanza, Oktoba. Huu ndio msimu ambao steshenari za huku kusini zinapata fedha yao. Korosho inatembea na karatasi: tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mzigo wa mkulima unapokelewa AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), unapimwa, unaandikiwa, unaenda ghalani na kusubiri mnada, na karibu kila hatua ina kitu cha kuprinti au kutoa kopi. Foleni ikishajaa barazani, mashine inayochukua dakika nzima kufungua faili la PDF inawafukuza wateja kwenda duka la jirani.

Kabla sijaitwa, mama mwenye duka alikuwa ameshaingia mfukoni vya kutosha. Fundi mmoja alisema ni virusi, akapiga Windows upya. Mwingine akasema ramu haitoshi, ikaongezwa kutoka GB 4 hadi 8. Wa mwisho akabadilisha diski. Kila mara palionekana nafuu kidogo, kisha hali ikarudi ileile.

"Fundi, mimi nimechoka kununua vipuri," aliniambia baada ya salamu. "Kama imekufa niambie nijue moja."

"Mama, nipe nafasi niitazame kwanza, sitabadilisha kitu."

Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha mashine inavyofanya kazi, upande wa prosesa, nikamwambia kijana wake afanye kazi yake kama kawaida: afungue PDF nzito, askani, aprinti. Grafu ilipanda hadi asilimia 31 ikaganda hapo. Haikwenda 32, haikushuka 28. Mstari ulilala kama umepigwa rula, huku kishale cha mausi kikirukaruka na dirisha la PDF likiwa jeupe. Chini yake palisomeka mwendo wa msingi 2.50 GHz, na mwendo wa sasa 0.78 GHz.

Hapa ndipo mafundi wengi wanapotea njia, na siwalaumu sana. Mtu akiona asilimia 31 anasema prosesa ina nafasi tele, kwa hiyo tatizo liko kwingine: diski, ramu, virusi. Lakini Task Manager ya Windows 10 haipimi tu muda ambao prosesa iko kazini, inazidisha muda huo kwa uwiano wa mwendo wa sasa na mwendo wa msingi. Gawanya 0.78 kwa 2.5, unapata 0.31. Yaani ile asilimia 31 ndiyo ilikuwa dari. Prosesa ilikuwa imeelemewa kabisa, kila kiini (kitengo cha kazi ndani ya prosesa) kikifanya kazi bila kupumua, ila kwa chini ya theluthi ya mwendo wake. Ukiona grafu imekatika juu kwa mstari ulionyooka, na namba yake inalingana na mgawanyo huo, acha kutafuta virusi.

Spidi ndogo peke yake si ugonjwa. Kompyuta yoyote ya sasa ikiwa haina kazi inapunguza mwendo kwa makusudi, na kwa prosesa za kizazi hiki megahezi 800 (gigahezi 0.8) ni mwendo wa kawaida wa mapumziko. Sababu iko kwenye hesabu ya umeme: nguvu inayoliwa na saketi zinazowaka na kuzima inakwenda na mwendo, ikizidishwa kwa volti mara volti. Ukipunguza mwendo unaweza kupunguza na volti, na faida inakuja mara mbili. Mwendo ukishuka kwa nusu na volti ikashuka hadi asilimia 70, nguvu hiyo inabaki karibu robo ya ile ya mwanzo. Intel walilileta jambo hili kwenye prosesa za laptopu mwaka 2000 kwa jina la SpeedStep, AMD wakawa na Cool'n'Quiet kwenye Athlon 64 za mezani, na tangu kizazi cha Skylake cha 2015, ambacho i5-6500T ni mmoja wao, kuna Speed Shift: Windows inatoa mapendekezo tu, na prosesa yenyewe inachagua mwendo ndani ya muda mfupi sana.

Kwa hiyo swali la kuuliza si "kwa nini iko 0.78?" bali "kwa nini inabaki 0.78 ikiwa na kazi?" Lori linaloshindwa kupanda mlima huenda injini yake ni nzima kabisa, ila kuna mtu ameacha handibreki juu. Na hapa wanaoweza kushika breki ni watatu tu: programu endeshi (kama Windows), joto, au bodi (ubao mkuu unaobeba prosesa).

Programu endeshi nilianza nayo kwa sababu haigharimu kitu. Kwenye mpango wa umeme wa Windows kuna mahali pa kuweka kiwango cha juu cha prosesa kwa asilimia. Mtu akikiweka 30 kwa bahati mbaya, unapata dalili zinazofanana sana na hizi. Kilikuwa 100. Ila sikutaka kutegemea neno la Windows iliyopigwa na mtu mwingine, nikaiwasha mashine kwa flashi yenye Linux, programu endeshi nyingine. Kwenye terminali, amri ya yes iliyoelekezwa /dev/null, moja kwa kila kiini, inatosha kuijaza prosesa kazi. Kisha unasoma scaling_cur_freq chini ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq. Jibu likawa lilelile, karibu megahezi 800 kwenye viini vyote vinne.

Kuna mtego mmoja hapo Linux. Ukisoma scaling_governor, faili la sera ya mwendo, kwenye mashine kama hii utakuta neno powersave, na ukiwa na haraka utadhani umempata mhusika. Kwa dereva (programu inayoongoza mwendo wa prosesa) wa zamani, acpi-cpufreq, neno hilo kweli lina maana ya kukaa kwenye mwendo wa chini kabisa. Kwa intel_pstate, ambaye ndiye anayeshika prosesa hizi, powersave ni hali ya kawaida: mwendo unapanda na kushuka kufuata kazi. Nilibadilisha hadi performance ili nifunge mjadala, namba haikusogea. Programu endeshi ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa.

Joto nalo halikunichelewesha. Prosesa ikikaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi za Intel kiko karibu na nyuzi 100, inajipunguza yenyewe isiungue. Lakini sensa zilisoma nyuzi 50 hivi, chumba kikiwa na joto letu la kawaida la pwani. Prosesa yenye nyuzi 50 haina sababu ya kuogopa moto. Tena joto lina mwandiko wake: mwendo unaanza juu, unashuka, unapanda tena kidogo, unayumba. Haulali kwenye namba moja ya chini tangu sekunde ya kwanza baada ya kuwasha.

Ikabaki bodi.

Kwenye prosesa za Intel kuna pini inayoitwa PROCHOT. Kazi yake ya asili ni prosesa kuiambia bodi, "nimepata joto." Lakini pini hiyo inaweza kwenda pande mbili: bodi nayo inaweza kuivuta, na prosesa ikasikia, "punguza mwendo," hata kama yenyewe ni baridi. Ikishikiliwa hivyo, prosesa inaporomoka hadi mwendo wake wa chini na kubaki huko mpaka iachiwe. Bodi inaivuta kwa sababu kadhaa: saketi za kudhibiti volti zimepata joto, sensa fulani imekufa, au umeme unaoingia hauaminiki. Kwenye Windows, programu ya ThrottleStop inaonyesha wazi kama breki inayotumika ni hii, kwa jina la BD PROCHOT. Nilipoifungua, alama ilikuwa inawaka.

Nikamgeukia kijana. "Mdogo wangu, hii adapta ndiyo iliyokuja na mashine?"

"Hapana kaka. Ile ya mwanzo iliungua siku umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu. Hii tulinunua hapo sokoni. Mwanzoni ilikuwa inatoa maandishi kila nikiwasha, nabonyeza F1 inaendelea. Fundi wa Windows akayaondoa."

Kisa chote kiko kwenye maneno hayo. Watengenezaji wengine wa kompyuta huweka katikati ya tundu la adapta sindano nyembamba ambayo haipitishi umeme wa kazi. Ndani ya adapta ya asili kuna chipu ndogo ya kumbukumbu, na kupitia sindano hiyo bodi inaiuliza: wewe ni wati ngapi? Ikijibiwa 65, bodi inaruhusu mwendo wote. Isipojibiwa, inachukulia kwamba haijui imeunganishwa na nini, inaandika onyo wakati wa kuwaka, kisha inavuta breki. Na onyo hilo linaweza kuzimwa ndani ya bayosi (programu ya bodi inayotangulia Windows), kama fundi wa Windows alivyofanya. Kilichozimwa ni maandishi. Breki ilibaki palepale, sasa bila mtu wa kusema ipo.

Adapta ya sokoni ilikuwa imeandikwa volti 19.5 na ampea 4.62, yaani wati 90. Ya asili ilikuwa volti 19.5 na ampea 3.34, wati 65. Kwa macho, mama alikuwa amenunua kubwa zaidi, na muuzaji alimwambia hivyohivyo. Nilipoweka mita, volti zilisoma sawasawa. Ndiyo maana kila aliyepita hapo alisema chaja ni nzima. Lakini bodi haina mita ya kupimia uwezo wa adapta kabla ya kuitegemea. Inauliza tu, na sindano ya katikati ya hii ilikuwa pambo, haijaungwa na chochote.

Ili niwe na uhakika, niliondoa tiki ya BD PROCHOT kwenye ThrottleStop, ili prosesa isiisikilize bodi, kwa dakika chache, kazi ikiendelea. Mwendo ukaruka juu ya 2.5 papo hapo, PDF ikafunguka, kijana akapiga mluzi. Nikaweka mkono kwenye adapta. Ile yenye maandishi ya wati 90, ikilisha mashine yenye prosesa ya wati 35, ilianza kupata joto lisiloshikika. Nikairudisha tiki.

Mama alitaka iachwe vile. Namwelewa, foleni ilikuwa mlangoni. Na mtandaoni kuna maelezo kibao yanayosema ondoa tiki hiyo, weka programu ijifungue yenyewe kila ukiwasha, kazi imekwisha. Msimamo wangu ni kwamba kwa kupima sawa, kwa kuishi nayo hapana. Prosesa bado itajilinda na joto lake yenyewe, hilo halipotei. Kinachopotea ni uwezo wa bodi kusema lolote kuhusu umeme unaoingia, kwenye mji ambao adapta ya kwanza iliuawa na umeme huohuo, na kwenye duka lililojaa karatasi. Nilimwambia mama asukume siku zile kwa kompyuta yake ya pili, tawa (ya kasha kubwa la kusimama) ya zamani, mpaka adapta ya asili ifike.

Nina neno pia kwa watengenezaji. Kuvuta breki si kosa. Kama hujui unachounganishwa nacho, kukadiria chini ndiyo busara. Ila kuiacha Windows nzima ikimaliza kuwaka, ionekane nzima, bila alama yoyote kwenye skrini inayosema "natembea theluthi kwa sababu siitambui adapta," huko ni kumtuma mtu akanunue diski asiyoihitaji.

Adapta mtumba ya asili ilipatikana Dar es Salaam, ikaja na basi. Bei yake ilikuwa rahisi kuliko ya diski peke yake. Ilipochomekwa, bila kugusa mpangilio wowote, ThrottleStop ikawa kimya na grafu ikavunja ile dari ya asilimia 31, Turbo Boost ikipitisha mwendo juu ya ule wa msingi. Bayosi nayo ikaonyesha wati 65. Onyo la adapta nikaliwasha tena.

Kesi ingeishia hapo, lakini baada ya muda simu ikaja: asubuhi mashine inakimbia, ikifika saa nane mchana inazubaa. Safari hii dalili zilikuwa tofauti kabisa. Mwendo ulianza juu, baada ya kazi nzito ya muda ukashuka, ukawa unayumba kati ya 1.6 na 2.2, nyuzi zikiwa zimepita 90. Huyu ndiye yule mtuhumiwa wa pili niliyemwachia huru mwanzoni. Breki ya bodi ilipokuwa imevutwa, prosesa haikuwa inazalisha joto la kutosha kuonyesha kwamba njia ya kulitoa imeziba. Ilipoachiwa, tatizo la zamani likajitokeza.

Nilipofungua, feni ilikuwa imevaa koti la vumbi la karatasi lililogandishwa na unyevu wa bahari, na pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki (chuma cha kulitoa) imekauka kama chokaa. Tena mashine ilikuwa imewekwa nyuma ya fotokopi, pale hasa inapotolea hewa yake ya moto, kwa hiyo ilikuwa inavuta hewa iliyokwisha kupikwa. Brashi laini, pesti mpya, na mashine kuhamishiwa upande wa dirisha. Mchana uliofuata, kazi ileile, nyuzi zilibaki chini ya 75.

Alichobaki nacho mama ni swali moja, tena la haki: kwa nini nisiiweke mwendo wa mwisho muda wote, ule mpango unaoitwa High performance, nisipate tabu tena? Kwa sababu mpango huo hauongezi kilele. Unachofanya hasa ni kuzuia mwendo usishuke pasipo na kazi, na kwenye prosesa yenye Speed Shift kupanda kunachukua muda ambao mtu kwenye kibodi hawezi kuuhisi. Viini visivyo na kazi bado vitalala, kwa hiyo kwenye luku tofauti haitamshtua, lakini joto la bure ndani ya kasha dogo, kwenye duka lisilo na kiyoyozi, ni deni litakalolipwa saa nane mchana. Nimeiacha Balanced.

Ile tawa ya pili, yenye i5-3470, nayo nimeifanyia jambo moja. Iko kwenye kona isiyo na hewa na feni yake inalia. Nimeshusha kiwango chake cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Asilimia moja hiyo inaonekana ya mzaha, lakini kwenye prosesa za kizazi hicho inazima Turbo Boost: inaishia gigahezi 3.2 badala ya 3.6. Kwa kuprinti na kuskani hakuna aliyelalamika, na feni imetulia. Kwa mashine ndogo sikufanya hivyo. Hiyo msimu ukiisha itafunguliwa tena isafishwe.